Kikohozi cha Baba Mkwe

Jumanne jioni, Juni 1911

…lakini ni mimi niliyejua kwanza kuwa baba anaugua, Ambilikile wangu, mimi mkamwana nisiyeruhusiwa na desturi hata kumwona baba yako uso!

Tangu arusi namjua kwa sauti tu. Akikaribia hukohoa na kuita salamu yetu, "Ndaga!", nami nakimbilia migombani kujificha. Sauti ile ilianza kukwaruza tulipokuwa tunavuna mpunga. Kisha siku moja akatokea kimya, nusura tugongane.

"Mkamwana, huna haya?" mama yako alifoka.

"Sikumsikia, mama. Baba hana sauti."

"Ni mafua tu!"

Leo barua yako imefika kutoka hospitali ya misheni ulikompeleka baba. Nimeibusu kabla ya kuifungua! Daktari amemulika koo kwa kioo, akaona uvimbe. Ukiachwa utaziba njia ya chakula na ya pumzi. Bado ni mdogo, ataukata, ila sauti huenda isirudi. Nilipomsomea mama alilia, kisha akanishika mkono.

Naogopa. Naitamani sauti yake njiani, na yako zaidi, mpenzi. Usiku nalala na blanketi lako, bado lina harufu ya…

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja na mama, tumletee baba ndizi laini anazoweza kumeza. Kwako nitakimbia mbele ya watu wote. Kwa baba nitasimama nyuma ya ukuta, nikohoe mimi, ajue nimefika.