Kaka Lusekelo, Baridi ya Iringa Haikuwa na Kosa

Kaka yangu Lusekelo,

Habari za Madibira? Sisi huku Iringa wazima. Mvua haikatiki, mahindi yamefika kiunoni, na shemeji yako anakusalimia sana.

Juzi uliponipigia ukasema watu wa Uyole wamekuchosha kwa swali moja, "Ulifanyaje mpaka ukaacha?", nilidhani unatania uliponituma niandike. Ukacheka. "Andika wewe, Atu, una maneno. Wasome wote, mimi nipumzike. Ila usinifanye malaika."

Malaika? Malaika hapandi mparachichi wa mchungaji. Nilikuwa chini nimetandaza sketi yangu ya shule, wewe juu unachuma, na mchungaji alipotokea kwenye kona ya nyumba ukaanza kuimba tenzi kwa sauti ya kanisani, umekumbatia tawi na macho umefumba. Mzee wa watu alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Tulirudi nyumbani na maparachichi yote na baraka juu.

Ndivyo ulivyokuwa. Kwetu lusekelo maana yake furaha, na Mama alisema hilo jina alilipata kwa sababu ulitoka tumboni umekunja uso, akaona bora akutangulizie dawa. Ulipokuwa fundi wa malori, madereva walikuwa wanaleta magari kwako hata yasipokuwa na ubovu wa maana, ili tu wakusikilize ukisimulia huku umelala chini ya injini, miguu nje, sauti ndani. Siku ya harusi yangu ulikunywa, ukacheza, ukawabeba wifi zangu mmoja mmoja. Hakuna aliyeona tatizo. Pombe kwetu ni ya sherehe, ni ya msiba, ni ya mavuno. Nani angeona mtu anazama kwenye maji ambayo wote tunaoga?

Halafu ukaja kunitembelea hapa Iringa. Asubuhi nilikuwekea chai, ukashika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika kwenye kisahani. Ukaniambia, "Baridi ya Iringa hii, mdogo wangu!" Kaka, mtu wa Uyole analalamikia baridi ya Iringa! Nilicheka. Ukatoka kwenda kununua vocha. Uliporudi mikono ilikuwa imetulia kama ya mtu anayetaka kushona kanzu, na vocha hukuwa nayo.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Siku zile zilizobaki nilianza kukutazama. Chakula ulikuwa unakisogeza tu kwenye sahani. Ile chupa yako ya maji hukumpa mtu hata tone, wewe ambaye ulikuwa unamega andazi lako hata kwa mbwa. Nilipokuuliza taratibu kama unakunywa sana, ulikasirika, kisha ukaniomba radhi, kisha ukaniapia kwamba Jumatatu unaacha. Na hadithi hukusimulia hata moja.

Nilimpigia wifi Tusajigwe, mkeo. Akaanza kulia. "Wifi, nilidhani ni mimi peke yangu ninayeona. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati mpaka apate kidogo. Ameahidi kuacha mpaka nimechoka kuitikia."

Ndipo tukakaa kikao kule Uyole. Unakumbuka? Mama alitaka maombi. Bamdogo alitaka upelekwe kijijini Tukuyu ukalime mpaka akili irudi. Kila mtu alikuwa na hotuba yake. Ukasimama katikati yetu, ukatoa ile chupa mfukoni, ukaimwaga kwenye maua ya Mama. "Kuanzia leo, basi." Tukapiga makofi. Mama akapiga vigelegele. Tulijiona tumemaliza kazi.

Kesho yake ulikuwa unatoka jasho kwenye baridi ile ile ya Uyole. Siku iliyofuata ulianza kukung'uta siafu kwenye shuka, na siafu hawakuwepo. Mchana, tukiwa tumekaa kula, ukaanguka kando ya meza, mwili mzima unatetemeka, macho yamegeuka. Jirani alipiga kelele kwamba umerogwa. Wifi alikulaza ubavu, akasogeza viti, akaita msaada barabarani, na aliyesimama ni dereva mmoja mteja wako. Ndiyo maana ulifika hospitali ndani ya kichwa cha lori la semi, kikapaki pale mlango wa dharura na honi zake zote.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti. Ulipotulia alitukusanya. "Nani alimwambia aache ghafla?"

Wote tukaangalia dari. Bamdogo akakohoa. "Daktari, tuseme ni ukoo."

Hakutugombeza. Alitueleza kwamba huo ni uraibu, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, wala si uhuni. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege, hata mtu akafa. Wa namna yako huachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa, na wataalamu wakiwa karibu. Halafu akasema ukipata nguvu utaanza kliniki ya afya ya akili, kuonana na mshauri. Mama akasimama. "Mwanangu si kichaa!"

Na wewe, kaka, midomo imekauka, dripu mkononi, ukafungua jicho moja. "Mama, lori likivuja oili tunaliombea. Halafu tunalipeleka kwa fundi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mama naye akacheka huku analia, na ubishi ukaishia hapo.

Sitasema ilikuwa rahisi, maana ulinikataza uongo. Kulikuwa na siku ulimwambia wifi maneno ambayo siyaandiki. Kwenye msiba wa jirani ulirudia kunywa, nasi tukadhani yote yamebomoka. Lakini safari hii hukujificha. Asubuhi ulimpigia mshauri wako mwenyewe, na ukanisimulia baadaye jinsi ulivyokuwa umejiandaa kutukanwa. Alikwambia, "Asante kwa kupiga. Njoo leo." Ukaenda.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile tulipoitwa familia nzima kliniki. Mshauri alituomba kila mmoja akwambie jambo moja, bila kukushutumu. Bamdogo alijaribu hotuba, akarudishwa kwa upole mara kadhaa. Ikafika zamu ya Mama. Alishika kitenge chake akasema, "Lusekelo, nyumba imekuwa kimya. Mimi nataka kelele zako." Basi. Ulilia mbele yetu kama mtoto, na ulipomaliza kulia ukamwambia mshauri kwamba hii kliniki ina wateja wengi kuliko gereji yako, wakufundishe wanatangazaje. Wifi akanibana mkono chini ya meza. Sote tuliona kwamba umeanza kurudi.

Ulipoamua kuhama kwenda Madibira kwa kaka yake wifi, wengine walisema unakimbia. Mimi nilikuelewa. Pale Uyole kila kona ilikuwa na rafiki aliyekushikia glasi. Sasa unalima mpunga, unatengeneza pawatila za watu, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono, unarudi kliniki kila wanapokuita, na wanao wanalalamika kwamba unawasahihishia kazi za shule kwa hadithi ndefu mno. Simu yako ikiita siku hizi, naipokea kwa furaha. Zamani nilikuwa naiangalia kwanza, nakusanya nguvu.

Jana umeniambia kwamba Jumatatu utapanda basi na mwenzako mmoja wa huko mashambani, umsindikize hospitali Mbeya. Amekwambia mwenyewe kwamba mikono inamtetemeka asubuhi, na kwamba anaogopa kuacha na anaogopa kutoacha. Umefanya vizuri kumwambia asijaribu peke yake. Mfungie chakula cha njiani, mpe kiti cha dirishani, na usimchoshe kwa hadithi mpaka mpite Igawa.

Na jambo moja zaidi, maana najua wewe utakuwa kaunta unatania na manesi: ule mlango wa chumba cha mshauri hukwama wakati wa mvua. Mwambie mapema asije akadhani umefungwa akageuka kurudi. Asukume kwa bega. Ndani kuna mtu.

Nakupenda, kaka. Ndaga fijo, asante sana, kwa kubaki nasi.

Mdogo wako wa Iringa,
Atupele