Bao la Kwenye Kamera

4 Mei

Baba, shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umechafuka. Kamati yenu ya marefa imeniita nijieleze kwa nini kwenye fainali nilitazama kamera ya mpiga picha kabla ya kukubali bao. Baba, mpira ulivuka mstari mzimamzima, kipa akauchota akaurudisha uwanjani! Mimi nilizibwa na mabeki, msaidizi wangu kimya. Nikatazama picha, nikapuliza: bao. Hata kipa hakubisha. Sasa wanataka kunifungia, na mwenyekiti ni wewe. Urefa ndio maisha yangu. Utanitetea?

Bintiyo

9 Mei

Binti yangu, marahaba. Mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi. Mama yako anakusalimu; mimi ameninunia, maana yeye keshatoa hukumu kuwa huna kosa.

Mwanangu, sheria yetu inasema refa aamue kwa macho yake na ya wasaidizi wake, basi. Leo kamera ya mpiga picha, kesho simu ya shabiki, mechi itaisha saa ngapi? Makosa ni sehemu ya mchezo. Kura yangu usiniulize.

Baba yako

13 Mei

Baba, shikamoo. Makosa ni sehemu ya mchezo? Mbona ukitazama mechi za nje hapo sebuleni unamfokea refa, "Si ukatazame picha, jamani!" Mkuki kwa nguruwe, baba. Ningewanyima wale vijana bao lao huku ukweli uko hatua chache pembeni, ningelalaje?

Bintiyo

21 Mei

Binti yangu, marahaba. Afadhali ulisikie kwangu: umefungiwa msimu mzima. Kura zilifungana, ikabidi mwenyekiti akate shauri. Nilikata dhidi yako. Sheria uliivunja, na nikimwachia mwanangu, nitamwadhibu nani tena?

Kisha nikaomba tuibadili sheria yenyewe, picha zitumike. Wakacheka. "Leo mzee anaongea kama baba." Hakuna aliyeniunga mkono. Imeniuma sana. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako

30 Juni

Binti yangu, hujambo? Kimya chako kimezidi. Mama yako anasema unakula vizuri, nami naambulia hizo salamu za pembeni. Nimekaa nikawaza. Ningekuwa mimi uwanjani siku ile, ningeitazama ile kamera. Wallahi ningetazama.

Baba yako

6 Julai

Baba, shikamoo. Hilo usiniandikie mimi. Waandikie wao waliokucheka.

Bintiyo