Kifungo cha Mkoba wa Mama Yake

Shoga, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Unaukumbuka ule mkoba wa bei mbaya niliokutumia picha jana nikijisifu? Aliuleta yule bwana mpole, akasema, "Fundi, kifungo kimechakaa. Kirudishe kama kipya, nataka kumshtukiza mke wangu." Nikakisugua, nikajaza pale palipolika, nikakipaka dhahabu. Kikang'aa hadi nikajiona uso.

Leo mke kaja mwenyewe kuuchukua, mumewe kamdokezea, anatabasamu. Akaweka dole gumba kwenye kifungo. Tabasamu likafa palepale.

"Hapa palikuwa na kibonyeo."

Nami, tena kwa maringo: "Nimekijaza, dada. Hata hutajua kilikuwa wapi."

Akasema, "Ni dole la mama. Miaka yote alifungulia hapo. Tangu tumzike, huwa naweka langu humo."

Dole la mama, shoga! Na nimelijaza mimi, kwa mikono yangu!

Nikamwambia naweza kupachimba tena. Akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. "Kwa dole la nani?"

Hakunigombeza. Angenitukana ningepona. Aliuliza kitu kimoja tu: "Vumbi ulilolisugua liko wapi?"

Nimelifagia asubuhi.

Kaondoka bila mkoba. Uko hapa mezani, unanimeremetea. Nami nimepiga magoti kwenye pipa la taka, nachambua vumbi kwa vidole, na hata nikilipata sijui nitalijuaje.