Peke Yangu Hadi Nyegezi

Jumapili, 1 Juni

Mazoezi kama kawaida. Alfajiri, tumekwenda Kisesa na kurudi kwa njia za ng'ombe. Deo mbele, mimi nyuma. Akifika mlimani anapunguza mwendo, ananiangalia, anaongeza tena. Mgongo wa mume wangu nimeukariri kuliko uso wake.

Miaka yote tumeingia mbio hizi za baiskeli za mwisho wa Juni wawili wawili, mume na mke. Tairi ikipata pancha anaziba yeye. Mnyororo ukitoka anaurudisha yeye. Kazi yangu ni kushika baiskeli isianguke. Daktari wa meno mzima, nang'oa magego ya watu, na sijawahi kufungua gurudumu la nyuma la baiskeli yangu mwenyewe.

Leo nimechoka kuutazama ule mgongo.

Jumatano, 4 Juni

Nimejiandikisha kwenye kundi la wanaoshindana peke yao. Nimemwambia Deo mezani jioni, mama yake akiwepo. Mama mkwe amekuja kutoka Majita kutibiwa macho, yuko kwetu tangu Pasaka.

Deo akaweka kijiko chini. "Nimekukosea nini, Mama Neema?"

"Hujanikosea. Nataka kujua mimi mwenyewe naweza nini."

Mama mkwe akasema, bila kuinua macho, kwamba mke hamwachi mumewe akaingia porini peke yake. Kisha akaendelea kula. Deo hakuendelea.

Jumamosi, 7 Juni

Mazoezi peke yangu. Hakuna wa kuniongoza, nimepotea njia Kisesa, mahali ninapopajua kama sebuleni kwangu. Kumbe siku zote nilikuwa naujua mgongo, si njia.

Mchana kwa fundi Masanja, Igoma. Nimemwomba anifundishe kukata mnyororo na kuuunga. Pini ya kwanza nimeipinda. Ya pili nimeipinda. "Taratibu, daktari," akasema, "huo si jino, haujaoza." Ya tatu ikaingia. Nilitaka kupiga vigelegele.

Jumanne, 17 Juni

Deo amepata mwenzake wa mbio. Sospeter, mwalimu mwenziwe wa hesabu. Ameniambia huku anavua viatu. Nikasema vizuri.

Haikuwa vizuri. Nimeona wivu, tena mkali. Ujinga mtupu. Aliyeondoka ni nani?

Alhamisi, 26 Juni

Hofu. Nimemng'oa mgonjwa jino huku nawaza milima ya Misungwi.

Narudi nyumbani nakuta tyubu mbili mpya mezani. Kaziweka Deo. Ni za saizi ya magurudumu yangu, si ya kwake.

Ijumaa, 27 Juni

Tumesomewa sheria. Kuanzia Kisesa, kupitia mashamba ya mpunga ya Magu, kushuka kusini hadi Misungwi, kisha kurudi ziwani kumalizia Nyegezi. Vituo vya maji vipo. Lakini anayeshindana peke yake akishikiwa hata bisibisi na mshindani mwingine, ametolewa. Jua likizama kabla hujafika, lori linakubeba.

Deo alikuwa amesimama upande wa pili wa umati. Sote tumesikia.

Jumapili, 29 Juni

Siwezi kushika kalamu vizuri. Naandika hivyo hivyo.

Jana tuliondoka kwanza sisi wa peke yetu. Wale wa wawili wawili wakafuata baadaye. Mwanzo mzuri. Baridi, vumbi bado limelala. Magu tukapita juu ya matuta ya majaruba ya mpunga, membamba kama ubao wa benchi, ukiyumba uko ndani. Kijana mmoja mbele yangu akaingia mzima mzima. Wanawake waliokuwa wakivuna walicheka mpaka wakashika viuno, kisha wakaniona mimi. "Kanyaga, mama! Kanyaga!" Nikakanyaga. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Nikawapita wanaume wawili. Nikajisikia malkia.

Kisha ufito mkavu. Sikuuona. Uliingia kwenye gia ya nyuma, kile kidude kinachohamisha mnyororo, nikasikia kitu kinapasuka, gurudumu likagoma, nikaenda chini. Goti damu. Gia imepinda, imejikunja ndani ya spoku. Mnyororo umekatika. Pande zote miiba tu na jua.

Nililia. Naandika kwa kuwa ni kweli. Nilikaa mchangani nikalia, nikafuta uso, nikapenga kamasi, nikapindua baiskeli.

Ndipo wakatokea Deo na Sospeter.

Deo alishuka baiskeli ikiwa bado inakwenda. Akaangalia goti, akaangalia gia, mkono wake ukawa tayari kwenye mkoba wa vifaa.

"Usiguse," nikasema.

"Mama Neema, hii imekufa."

"Usiguse, Deo. Nenda."

"Nikuache hapa?"

"Niache hapa."

Sospeter akatazama pembeni kama mtu aliyefumania kitu. Deo alisimama. Namjua mwanamume yule. Kumzuia mkono usitengeneze kitu kilichoharibika ni kama kumzuia mtu asipige chafya. Akanitazama usoni. Nilikuwa na vumbi, machozi na damu, sijui aliona nini. Akafunga mkoba. Akapanda. Akaenda.

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda alipokuwa anaishilia kwenye ile miiba.

Halafu kazi. Nikaing'oa gia ile kama gego bovu, polepole, nikinyoosha spoku kwa vidole. Nikafupisha mnyororo, nikauzungusha kwenye duara la katikati la meno ya gurudumu. Pini ilidondoka mchangani, nikaitafuta kwa magoti na mikono. Ikaingia. Nikakanyaga. Mnyororo ukashika.

Gia moja. Tambarare miguu inazunguka bure kama cherehani. Mlimani haipandi, nashuka nasukuma. Karibu na Misungwi akanipita mzee mmoja, baiskeli nyeusi ya kizamani, magunia ya mkaa nyuma.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Imekuwaje, mama?"

"Gia imevunjika, imebaki moja."

Akashangaa. "Sasa ulitaka ngapi?" Akaenda zake. Nilicheka peke yangu mpaka kilima kikaisha.

Kituo cha Misungwi msimamizi akaniangalia goti, akaniambia hakuna aibu, lori lile pale. Nikamwomba maji. Akarudia kuhusu lori. Nikamrudishia chupa tupu nikapanda.

Mwendo uliobaki sitaki kuupamba. Ulikuwa mateso. Nilitapika mara moja. Niliongea na Mungu, na nadhani niliongea na matako yangu pia. Jua likaanza kulala upande wa Sengerema na mimi bado vijijini. Nilikuwa naliangalia kama mtu anavyomwangalia mwizi. Kisha mteremko, harufu ya dagaa, maji mekundu yote kwa jua, watu, kamba, na mwanamke mwenye kipaza sauti anayekosea kutamka jina langu la Kihaya. Nikavuka mstari jua bado limeshikilia kwa ukucha.

Wa nne kati ya wanawake wa peke yao. Wa nne hapewi bahasha wala picha. Nimevaa medali ya kumaliza, ile wanayopewa wote. Nimelala nayo.

Mama mkwe, aliyekuja Nyegezi kutungoja, alikuwa ameshamgombeza Deo vya kutosha. Aliposikia mwanawe ameniona nimeanguka akaniacha njiani, alimwambia mbele ya watu kwamba hakumzaa awe hivyo. Sospeter ndiye aliyenisimulia. Deo alijibu neno moja tu: "Alinituma." Na njiani, anasema Sospeter, alikuwa akigeuka nyuma mpaka nusura wagonge mbuzi.

Mimi Deo hakunikumbatia. Alichuchumaa kando ya baiskeli. Akapapasa mnyororo, pale nilipounga, kiungo kwa kiungo.

"Umetoka Magu na hii?"

"Na hiyo."

Akainuka akaita watu. Wageni kabisa, wanaume wa Shinyanga, mabinti wa huduma ya kwanza. "Njooni muone. Njooni muone alichofanya mke wangu."

Nimejivunia siku ya jana. Nimejivunia mikono yangu. Na nimemjivunia yeye, kwa kuondoka. Wengi wangebaki, wakakuita kubaki huko upendo.

Jumanne, 1 Julai

Sijaenda kazini. Vidole vidogo vya mikono yote miwili vimekufa ganzi kwa mtikisiko, siwezi kumshikia mtu sindano mdomoni. Wagonjwa wamehamishiwa wiki ijayo. Deo yuko shule.

Nyumba kimya. Upepo wa ziwa unapiga pazia. Nilikuwa barazani nachambua maharage na mama mkwe, yeye kwa macho yake ya kliniki, mimi kwa vidole vyangu vya mti. Tulikuwa tunaruhusu mawe mengi kupita.

Akainuka, akaenda hadi baiskeli ilipoegemea ukutani. Akaweka kiganja juu ya kiti chake. Akakibonyeza.

"Ulikaa hapa? Tangu asubuhi mpaka jua kuzama?"

"Ndiyo, mama."

Akabonyeza tena. Akatikisa kichwa. Aliingia ndani akatoka na mto wa kitandani kwake, akauweka kwenye kiti changu cha baraza, akaupigapiga, akarudi kwenye maharage yake.

Nikakaa, polepole.