Ametutoka

9 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua pepe kwa kompyuta ya mama mwenye nyumba, simu yangu haishiki huku. Natumaini mgongo umekuonea huruma na cherehani imeacha kukata uzi. Mimi mzima, ila ulimi ndio mgonjwa. Asubuhi mpaka mchana tunafundishwa lugha yao, jioni natakiwa niitumie mezani na mama mwenye nyumba. Maneno yakiniishia natabasamu tu kama picha ya ukutani.

Chumba changu kiko juu kabisa ya ngazi. Kitanda chembamba, na dirisha linatazama ua wa mafundi baiskeli. Mama mwenye nyumba ni mtu mzima, mjane. Anaongea polepole ili nimwelewe, halafu anajisahau na kukimbia na maneno. Siku hizi amezidisha wema: ameniwekea mto wa pili, na nikipita ananishika bega. Hata mwalimu wetu ananisemesha kwa sauti ya chini. Sijui niseme nimebahatika au vipi. Chuo kilifanya vizuri kunileta huku likizo hii.

Msalimie mdogo wangu, mwambie viatu vyangu aviache vilipo.

Mwanao

14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, cherehani ipo, na mimi nipo. Baba yako naye yupo. Naanza na hilo kwa sababu nasikia huko ameshakufa.

Mama mwenye nyumba wako ameniandikia. Simu ndiyo iliyomtafsiria: "Mimi ni huzuni kubwa kwa mume wako wafu. Binti yako anabeba kifo chake na heshima." Niliyasoma nikiwa na pini mdomoni, mteja amesimama mbele yangu na gauni la upande mmoja. Nusura nizimeze. Kuinua macho, nani anapita barabarani? Wafu mwenyewe, na boksi lake la spana, anakwenda kufungua kibanda chake cha kutengeneza pampu. Akanisalimu, nikaitikia. Mteja akaniuliza nacheka nini, na mimi sikuwa nacheka.

Nieleze. Tena usinizungushe, mimi ndiye niliyekufundisha kusema.

Mama yako

20 Julai

Mama,

Shikamoo. Hali yako siiulizi, naijua.

Sikudanganya. Siku ya kwanza mwalimu alitaka kila mtu aeleze watu wa kwao. Nilipofika kwa baba nikatafuta neno la kusema aliondoka nyumbani, kamusi ikanipa moja, nikasimama nikasema: baba ametutoka. Kumbe wana ugonjwa wetu ule ule, mtu akikutoka kwao amezikwa. Mwalimu akaja akanishika mikono miwili, akanikalisha.

Ningeweza kusahihisha. Neno "hapana" nililijua tangu kwenye ndege. Lakini mama, walinipa pole. Watu nisiowajua walipanga mstari kunipa pole. Siku baba alipobeba vitu vyake akahamia kwa yule mwanamke mtaa wa pili, nani alikuja kwetu? Shangazi alikuja, akakuuliza ulimkosea nini kaka yake. Jirani alikuja kuchungulia kama kabati limebaki. Mimi nilikwenda shule, na wenzangu wakaniambia wamemwona baba yangu na godoro kichwani. Pole zangu nimezipata huku, zimechelewa, na sizirudishi.

Kwangu alikufa siku ile. Nina hasira naye, na nina hasira nawe unayeitikia salamu zake.

Mwanao

22 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nguvu zote za hasira ninazo.

Salamu ni deni la Mungu, naitikia na kuendelea kushona. Hilo lisikusumbue. Sasa nisikilize. Mjane kanyang'anywa na Mungu, watu humwinamia. Mimi nilinyang'anywa na mtu mwenye miguu, na miguu hiyo inapita mlangoni kwangu kila asubuhi. Nimekaa hapa hapa, nimeshona sare za watoto wa mtaa mzima, nimekulisha na kukusomesha, huku watu wakisubiri nianguke wapate la kusema. Sikuanguka. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyo nayo duniani, na wewe umenivua, ukanivika ujane wa kuazima.

Tena umemsafisha. Marehemu hasemwi vibaya. Huko sasa ni baba mwema aliyechukuliwa mapema, au siyo? Mtu aliyekuacha kitandani na homa akaenda zake, wewe umempa utakatifu kwa neno moja la kamusi. Miaka yote hii mimi nimemwacha aitwe alivyo.

Kasimame hapo hapo useme: baba yangu yu hai, ana afya yake, alituacha kwa hiari yake, na aliyenilea ni mama. Kama maneno hayo hamjafundishwa, kayaombe. Mpaka uyaseme, usinisalimie.

Mama yako

2 Agosti

Mama,

Sikusalimii, kama ulivyoagiza. Sijasema, na sitasema.

Juzi tulifundishwa kuandika barua, kila mmoja amwandikie baba yake. Mwalimu akaja kuninong'oneza kuwa mimi nimesamehewa, nikapumzike kwenye benchi la nje. Nikakaa pale nikitazama mafundi wakipaka rangi ukuta wa jirani, na nilifurahi, maana sikuwa na la kumwandikia. Likizo ikiisha nitarudi, na watu hawa hawataniona tena. Mwache afe huku. Huko kwenu ana watu wa kutosha wa kumwitikia.

Mwanao

7 Agosti

Mwanangu,

Baba yako amefariki. Naandika "amefariki" ili usije ukanichanganyia maneno. Alianguka jana kibandani kwake, pampu ya mtu iko wazi mezani. Walimkimbiza hospitali, hakuamka.

Anazikwa kesho alasiri. Ulisema tiketi zenu anazishika mwalimu. Ukimwambia asubuhi hii ataibadilisha, na utamkuta bado yuko juu ya ardhi. Hasira zangu na zako tuzitue chini kwanza, tutazibeba tena baadaye. Yule ni baba yako, na kumzika ni mara moja tu. Nenda sasa hivi.

Mama yako

9 Agosti

Mwanangu,

Tumemzika. Niliwazuia watu kwa maneno mpaka maneno yakaniishia, nikiwaambia mwanangu mkubwa yuko njiani. Shangazi yako akanijibu mbele ya kadamnasi kwamba mtoto wa kulelewa na mama peke yake ndivyo alivyo. Yule mwanamke alikaa mbele, amezungukwa. Mimi nilikaa nyuma na wachemsha chai. Mdogo wako alikuwa anageuka kila gari likisimama.

Niambie kitu kimoja tu. Mwalimu ulimwambia, au uliona aibu? Nina haki ya kujua kama niliwadanganya watu makaburini.

Mama yako

10 Agosti

Mama,

Nilimwambia.

Ndege ilinipita, ndiyo. Mchana wa siku ile nilimweleza mama mwenye nyumba kila kitu kwa simu yake ya kutafsiri. Alilia, akakasirika, akampigia mwalimu, lakini hakukuwa na ndege nyingine ya kuniwahisha. Hayo ni ya mchana. Wewe umeniuliza ya asubuhi.

Nilifika darasani mbio, kipindi kimeshaanza. Lugha yao ina namna mbili za kusema yaliyopita. Moja ni ya mambo ya karibu, ya leo na jana. Nyingine ni ya mambo ya zamani yaliyokwisha. Hilo ndilo lilikuwa somo. Sikungoja kuitwa. Nikasimama mlangoni nikasema, kwa namna ya karibu, baba yangu amekufa.

Mwalimu akanitazama kwa huruma. Akasema karibu nimepatia, ila kwa kuwa ni zamani kitenzi kinabadilika. Akachukua chaki, akaniandikia ubaoni sentensi iliyo sahihi.

Nikasema tena, amekufa jana. Akatikisa kichwa taratibu, akaniomba nijaribu tena. Nikaingia nikapiga meza, mama. Nilimchukia yeye na chaki yake. Nilimchukia baba kwa kufa nikiwa nimeshamuua. Nilikuchukia wewe kwa kuwa ulisema kweli. Wao wakadhani ni uchungu wa zamani umenirudia. Mwanafunzi wa meza ya mbele akainuka, akanishika mkono, akanitamkia lile neno la zamani silabi moja moja, ili nisiaibike.

Kusema amekufa nilijua. Kusema nilidanganya sikujua, hatujafundishwa. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja, na hakuna hata mmoja aliyenitakia mabaya.

Nikaisoma ile ya ubaoni. Wakanipigia makofi.

Mwanao