Shemeji, Kaka Yako Hakununa, Aliumwa

Nyumbani kwetu, chumba cha mbele,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko ugenini? Unakula ukashiba, au bado ni chai na mkate asubuhi na jioni? Sisi tu wazima, na mara hii nikisema wazima sisemi kwa desturi ya barua.

Mama yenu amepata nafuu ya magoti. Binti yetu amemaliza mitihani, na sasa kazi yake ni kulala.

Najua una neno moyoni. Kaka yako hapokei simu zako tangu mwaka jana, nawe umemwambia mama kwamba huenda amekununia kwa kuwa hukuja kwenye harusi ya dada yenu. Litoe hilo moyoni, Shemeji. Hakununa, aliumwa.

Tumbo lake unalijua. Tulidhani ni vidonda, kumbe ni utumbo mpana wenyewe, umevimba na kuwaka kwa ndani miaka yote hiyo. Akakonda mpaka suruali ikawa inashikiliwa na mkanda na rehema za Mungu. Hayo tuliyaona. Tusiloliona ni kwamba mwenyewe naye alikuwa anatutoka. Refa mzima wa mtaa, mtu wa makelele, akaacha kwenda uwanjani kwa hofu ya kubanwa katikati ya mechi. Kisha akaacha hata kukaa barazani. Kwenye karakana yake ya makochi akawa anashona kochi, anafumua, anashona tena palepale. Simu ikiita anaitazama tu, kama si yake.

Majirani wakasema anaringa. Mimi nikadhani amenichoka. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

Miezi kadhaa iliyopita tulirudi kliniki, tukamkuta daktari mwanamama, bingwa wa magonjwa ya utumbo. Akauliza habari za choo, akauliza habari za damu, halafu akasema, "Na furaha, baba, unaipata?"

Kaka yako akajibu, "Daktari, nimeleta tumbo, sikuleta kichwa."

"Umevileta vyote viwili," akamwambia, "na vinasemezana mchana kutwa."

Akatueleza taratibu. Utumbo na ubongo hupelekeana habari. Utumbo ukikaa na uvimbe muda mrefu, wagonjwa wengi huingiwa na huzuni au wasiwasi, na wasiwasi nao hulichokoza tumbo. Si wote, na wataalamu bado wanachunguza ni kwa njia gani hasa. Ila si kuringa wala si wehu, na hutibika. Akambadilishia dawa za utumbo, akamwandikia pia aonane na mshauri wa afya ya akili.

Hapo mume wangu akagoma. "Mimi si mwehu!"

Nikamwambia mbele ya daktari, "Wewe ukimwona mchezaji anachechemea, humwambii ajikaze. Unasimamisha mpira."

Akanitazama, macho yakamjaa machozi. "Basi simamisha, mke wangu. Nimechoka."

Hakupona kwa siku moja. Dawa ya kwanza ilimkataa, na kwa mshauri mwanzoni alikuwa anakaa tu anahesabu vigae. Lakini jana, Shemeji, amechezesha mechi! Aliuliza choo kiko wapi kabla hajauliza ni timu zipi. Kisha akatoa penalti dhidi ya mafundi wa karakana yake mwenyewe, wakamzomea mpaka mlangoni. Akaingia uso unang'aa: "Mke wangu, wamenitukana vibaya sana!" Sijamwona na furaha vile tangu binti yetu azaliwe.

Siku mbaya bado zipo. Siku hizo yeye husema kichwa na tumbo vimekula njama, nasi tunamwacha apumzike.

Mama anakusalimu sana, dada yako pia, na binti yetu angekusalimu kama angekuwa macho. Kaka yako mwenyewe yuko hapa ananichungulia begani. Ameniomba nitangulize barua, kwani kimya chake kirefu kinamtia haya. Anasema, "Mwambie mdogo wangu sikuwa na hasira naye. Sikuwa na sauti."

Akipiga, pokea. Usimwulize alikuwa wapi. Msimulie tu habari za huko, zote, hata za mvua.

Mungu akulinde uendako na akurudishe salama kwetu.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Mke wa Refa.