Ugali Nilioupika Carriacou

Etobicoke, Aprili 2014

Mama Neema,

Nimefika! Nimefika Hillsborough, kule kisiwani Carriacou, nimeukanyaga ule mchanga aliokuwa akikusimulia rafiki yako Enid, na nimerudi Toronto nikiwa hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kwanza kama nilikula, kisha kama nilivaa soksi. Nilikula mpaka nikaona aibu. Soksi nilizivua siku ya kwanza pale gatini na sijui zilikokwenda.

Nakuandikia hapa mezani karibu na dirisha, ghorofa yetu ile ile ya kumi na moja. Lifti moja imekufa, kama ulivyoiacha. Mwandiko unapanda na kushuka, utanivumilia. Si uzee peke yake. Ni furaha, na ni woga pia kidogo, kwa sababu kuna jambo nililokuficha, na nimelikalia miaka mitano tangu uondoke. Nitalifikia. Niache kwanza nikuonyeshe mji.

Unakumbuka nilifundisha jiografia Usangi miaka kumi na minane? Visiwa vya Karibi niliwachorea watoto ubaoni, nukta nukta, kama mtu aliyemwaga uwele, na aliyekosea majina alisimama nje juani. Carriacou sikuichora hata mara moja. Ilikuwa ndogo mno kwa chaki yangu. Sasa fikiria nimesimama juu yake, mzee wa miaka themanini na mbili, na kigari changu cha kutembelea, na kichwani nimevaa ile kofia yako pana ya ukili! Ndiyo, ile uliyoinunua Januari, theluji ikianguka, ukaijaribu dukani huku umevaa koti na glovu, watu wakakutazama. Inanibana kidogo. Sikuivua.

Mji wenyewe ni barabara moja, mama. Duka, kanisa, duka, posta, na nyuma ya nyumba za upande mmoja ni bahari moja kwa moja. Ungetoka kununua mkate ungerudi umelowa miguu. Na wanasalimiana! Kila mtu, kila asubuhi, hata yule aliyekuona dakika tano zilizopita. Usiposalimu wanakugeukia na kukuuliza umeamkaje leo. Baada ya miaka yote hii ya kupanda lifti na watu wanaokodolea macho namba za ghorofa, nilisalimu mpaka sauti ikakauka.

Kwenda kwenyewe kulikuwa vita. Daktari wangu alinikataza. Alisema moyo na mapafu yangu havitaki ndege, na kwamba muda niliobakiwa nao niutumie karibu na familia. Neema alisimama hapo mlangoni na sare yake ya hospitali, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Baba, utafia angani." Nikamwambia kutoka angani hadi mbinguni si mbali. Alininunia siku mbili. Ya tatu akaniletea vidonge amevipanga kwenye kisanduku, asubuhi, mchana, jioni, akanipeleka uwanja wa ndege, akamkabidhi mhudumu kiti changu cha magurudumu kana kwamba anakabidhi yai.

Enid alivuka kwa meli mpaka Grenada kunipokea. Ana miaka sabini na sita na bado anatembea kama anamkimbilia mtu anayemdai. Alinikumbatia, akaitambua kofia, akaigusa. Kisha, tulipopanda meli ya kurudi Carriacou, akamwambia baharia aliyenishika mkono: "Huyu ndiye mume wa Anna."

Yule baharia akaniangalia kwa huruma. "Anna yule ambaye daktari alimkatalia?"

Mama, nilishikwa na baridi katikati ya jua lile. Na haikuishia hapo. Mwuza mkate: "Pole, mzee, ule ulikuwa ukatili." Mama wa posta: "Madaktari wa Toronto hawana moyo." Mji mzima unakujua! Unajulikana kama yule rafiki wa Enid aliyekuwa amefungasha sanduku, daktari akamnyima ruhusa ya kuja. Miaka mitano wamekuwa wakilisimulia. Na mimi, Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, nikawa naitikia tu, asante, asante.

Sasa nimelifikia.

Ilikuwa Alhamisi. Wewe ulikuwa bafuni. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, kofia juu yake, tiketi yako ya kwenda kwa Enid imekwisha kukatwa. Tulikuwa tunasubiri majibu ya vipimo vya moyo wako tu. Simu ikalia nikapokea. Daktari alisema: aende. Asinyanyue mizigo, asisahau dawa, atembeetembee kidogo ndani ya ndege. Hata alicheka kidogo akasema jua litamfaa.

Nikaweka simu. Ukatoka, taulo kichwani, uso unang'aa, ukauliza, "Amesemaje?"

Nikasema, "Amekataa."

Neno moja. Nilidhani nitalirekebisha baada ya chai. Lakini wewe hukubisha. Ulikaa kitandani, ukalifunga sanduku, ukasema, "Haya, Enid atakula samaki wake peke yake," ukacheka, ukaenda jikoni kunisongea ugali. Na mimi nikaula.

Ungeniuliza kwa nini. Nimelitafuta jibu zuri na sikulipata, basi chukua lililopo. Niliogopa ungefia huko bila mimi, hilo ni kweli. Lakini kabla ya woga huo kulikuwa na mwingine mdogo, wa aibu. Wiki sita za safari yako, peke yangu na lile jiko. Mwanamume aliyeweza kutaja mito yote ya Afrika hakuwahi kusonga ugali hata siku moja. Na tena, niliona wivu. Jumamosi ulipokwenda kwa Enid kule Mount Dennis, kabla hajarejea kwao, ulirudi na kicheko ambacho mimi sikukuletea. Mlifanya kazi pamoja miaka ishirini kwenye ile nyumba ya wazee, na bado mlikuwa na ya kusimuliana. Mimi na wewe tulikuwa tunatazama habari.

Ulikufa Februari iliyofuata. Theluji ilikuwa mpaka kwenye madirisha ya magari. Kofia ilikuwa bado na bei yake.

Basi, Carriacou. Enid aliniita kwa sababu kila mwaka anawafanyia wafu wake karamu, na wao wanaiita saraka. Nilipoisikia nilimwambia sisi tunasema sadaka, naye akanijibu kwamba Anna alimwambia hivyo zamani, nisijifanye nimegundua kitu. Watu hukusanyika asubuhi uani, mafiga matatu, masufuria mapana kama beseni la kumwogeshea mtoto. Lakini kabla moto haujawashwa, mwenye karamu humwaga maji na ramu chini na kuwaita wafu kwa majina. Baba yangu mwinjilisti angenitenga na kanisa kwa kusimama tu pale. Nilisimama.

Enid aliita mama yake. Akaita baba yake, na kaka zake wawili. Kisha akaita: "Anna, rafiki yangu wa Toronto, aliyefungasha akazuiwa. Na yule daktari, popote alipo, viatu vyake vimbane!"

Na ua mzima ukaitikia, "Vimbane!" Kumbe ndivyo wanavyofanya kila mwaka. Hata wazee wasio na meno wanaitikia kwa raha.

Nilisema, "Enid, ngoja."

Nilisema yote. Simu, taulo, neno moja, jiko, wivu. Nilisema mbele ya watu kama thelathini, na kofia yako kichwani. "Hakuna daktari," nikamaliza. "Daktari alikubali. Ni mimi."

Enid alikuwa ameinamisha kikombe. Maji yote yakamwagikia miguuni mwake na hakuyaona. Mwishowe akasema, taratibu, "Miaka mitano namlaani mtu asiye na kosa?" Kisha, "Na wewe, Mwalimu, viatu havikukubana?"

Mzee mmoja nyuma akaitazama miguu yangu mitupu, akasema, "Atabanwaje? Hana viatu."

Mtu akacheka, akanyamazishwa, wakacheka wengine. Enid hakucheka. Alilia, mama. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia mpaka moto ukawaka na maji yakachemka. Nikajua nimekuja mbali kote huko ili nifukuzwe, na nikaona ni haki. Nikaanza kuulizia meli ya kurudi.

Akatoka na mwiko mrefu kama jembe. Akanisukumia kifuani. "Uliogopa jiko? Jiko hilo hapo."

Unakumbuka ugomvi wenu, ugali wako na ule wao? Ulivyokuwa unarudi nyumbani ukilalamika kwamba Enid anaharibu unga kwa kutia bamia? Basi, ndio huo huo. Wakaniwekea kiti karibu na moto, wakamimina unga, wakatia bamia mbele ya macho yangu, nikafunga mdomo. Nikaanza kusonga. Mama Neema, kumbe ni kazi! Unga unagoma, mvuke unakupiga usoni, kifua kinawaka, na wanawake wamekuzunguka wanakuzomea: "Mwalimu, unasonga au unabembeleza?" "Huo unalala, uamshe!" Nilisonga, nikapumzika, nikasonga. Hakuna aliyeniruhusu kuacha na hakuna aliyenipokea. Nilipomaliza shati lilikuwa limenigandia mgongoni na nilikuwa nacheka kama mwehu. Sijui nilikuwa nacheka nini. Miaka arobaini na sita ulinifanyia hivyo kila siku, kimya kimya.

Wanauviringisha matonge makubwa makubwa kwenye kibuyu kilichopakwa siagi. Lako nililiviringisha mwenyewe. Lilikuwa na mabonge, na upande mmoja limeungua. Enid alimega kipande akaonja, akafikiri. "Anna angetema," akasema. Akaliweka kwenye sahani.

Sahani ya wafu huwekwa ndani, chumbani, meza ina kitambaa cheupe, na mlango hufungwa. Hakuna aliye hai anayeingia mpaka wao washibe. Enid alipanga samaki, wali, nyama, glasi ya maji, na tonge langu katikati. Akaniomba kofia, akaitundika kwenye kiti. Kabla ya kufunga alisema kwa sauti, "Anna, ugali huu ni wa mumeo. Usiumalize, utaumwa." Kisha akaniachia kiti nje ya mlango, akaenda kugawa chakula.

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yote mazuri, mengine ya Biblia. Yakapotea. Nikaegemeza kichwa kwenye ubao wa mlango nikasema, "Amekubali, mama. Amesema jua litakufaa."

Ndiyo tu.

Jua likiwa linashuka walipiga ngoma tatu. Wana desturi ya kuliacha duara wazi mwanzoni, hakuna anayecheza, ngoma zinapigwa na pale katikati ni vumbi tupu. Hiyo ni zamu ya wafu. Watu wazima wote wamesimama wanatazama mahali pasipo na mtu, tena wanatabasamu! Nami nikatazama. Sitakuambia niliona kitu, ungenicheka. Ila nilitazama muda mrefu, na Enid alikuja akasimama kando yangu, akaushika mkono wa kigari changu, akasema bila kunigeukia, "Mwakani nitamwita yule daktari nimwombe radhi. Wewe bado nafikiria." Ndivyo alivyoniaga hata gatini: bado anafikiria. Lakini alinifungia samaki wa kukaushwa kwenye gazeti. Kofia ameibakiza. Anasema ni yako, na mahali pake ni pale.

Limebaki moja, na ndilo gumu kuliko bahari na ndege. Neema bado hajui. Alimhama yule daktari wako mara tu ulipozikwa, na mwaka juzi walipokutana dukani alimgeuzia mgongo. Nilikuwa nimesimama hapo na kikapu, nikanyamaza.

Jumapili atakuja akitoka kanisani. Nimenunua unga. Nitasonga mwenyewe, bila bamia, na wale samaki wa Enid. Kisha nitamsomea barua hii, maana Kiswahili anakisikia lakini kukisoma kunamchosha. Nitasoma polepole, sitaruka mstari. Akisusa, ana haki. Akisusa na ugali pia, nitaula mimi, na mwingine nitaupika Jumapili inayofuata, na inayofuata, kadiri nitakavyopewa. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Pumzika, Anna wangu. Si muda mrefu. Utanikuta mlangoni nimechoka, nimesahau soksi, nawe utatoka na taulo kichwani uniulize tena, "Amesemaje?"

Safari hii niulize.

Mwalimu wako,
Baba Neema